Taa ya ABS Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Pampu

Leo naomba tuweke pembeni mbegu na viuatilifu, tuzungumzie gari. Najua wapo watakaouliza bwana shamba anatafuta nini kwenye boneti. Jibu lake ni fupi: nyanya, kabichi, viazi na maziwa yetu havitembei vyenyewe kwenda sokoni. Vinapanda Probox, Noah, Hilux na Canter. Gari likilala gereji siku tano msimu wa mavuno, mzigo unaoza. Na mwenye gari akilipia spea ambayo haikuharibika, faida ya msimu mzima inaishia dukani kwa muuza spea.

Maoni yangu ni haya, na nitayaeleza hadi mwisho: mtu yeyote asikushauri kununua aktueta ya ABS, ile ambayo mafundi wengi wanaiita pampu ya ABS, kwa kusoma msimbo peke yake. Msimbo ni malalamiko ya gari. Hukumu inatolewa na kipimo. Wewe mwenye gari una haki ya kuonyeshwa kipimo kabla hujafungua pochi.

Aktueta ya ABS ni kitu gani

Fungua boneti. Utaona boksi la chuma ukubwa wa ngumi mbili hivi, lina mabomba membamba ya breki yanayoingia na kutoka, na soketi moja kubwa yenye nyaya nyingi. Hiyo ndiyo aktueta. Ndani yake mna mota, pampu ndogo na vali zinazofunguka na kufunga kwa umeme. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kompyuta ya ABS iliyofungwa hapohapo ubavuni.

Kazi yake ni hii. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye tope au lami yenye maji, tairi linataka kujifunga na kuteleza. Sensa ya tairi inaiambia kompyuta kwamba tairi hilo linasimama kabla ya mengine. Kompyuta inaamuru vali ipunguze presha ya tairi hilo kidogo, kisha iirudishe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana pedali inatetemeka mguuni. Gari linaendelea kusikia usukani, nawe unaweza kumkwepa ng'ombe aliyekatiza barabara.

Msimbo unasema nini, na hausemi nini

Misimbo ya magari inaanza na herufi. P ni injini na gia, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari, na C ni chasisi, ambako ndiko ziliko breki, usukani na springi. Kwa hiyo hitilafu ya ABS inakuja na herufi C.

Nichukue Toyota, kwa kuwa ndiyo mengi huku kwetu. C0273 inahusu rilei ya mota ya ABS, kwamba njia yake ya umeme imekatika. C0278 inahusu rilei ya vali. C0226 na wenzake wanahusu vali zenyewe. C1251 inasema mota ya pampu imekwama. C1241 inasema umeme wa betri uko chini. C1249 inahusu swichi ya taa za breki. C0200, C0205, C0210 na C0215 ni sensa za matairi manne.

Sasa soma tena kwa makini. C0273 inasema njia ya umeme imekatika. Haikusema imekatikia wapi. Inaweza kuwa fyuzi, rilei, waya uliotafunwa na panya, soketi iliyoingia maji, waya wa athi uliolegea, au mota yenyewe. Kuna sababu sita, na aktueta ni moja tu kati ya hizo. Tena ndiyo iliyo ghali kuliko zote.

Wakulima mnaijua hali hii vizuri. Hindi likigeuka njano, je, ni nitrojeni? Huenda. Ukiona unjano umeanza majani ya chini, unaingia kutoka ncha kuelekea katikati ya jani kama umbo la V, hapo nitrojeni ni mshukiwa mkuu. Lakini hindi hilohilo linaweza kuwa njano kwa sababu shamba limetuama maji na mizizi haipumui. Ukimwaga urea kwenye shamba lenye maji yaliyotuama, umetupa pesa, na mahindi yanabaki njano. Hakuna afisa ugani makini anayeandika mbolea kwa kuangalia rangi tu akiwa juu ya pikipiki. Anashuka, anang'oa mche mmoja, anatazama mizizi. Fundi naye ashuke.

Kuna jambo lingine la kujua. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye soketi ya mashimo 16 chini ya dashibodi, vikasomwa kwa simu, vingi vinasoma misimbo ya injini tu. Havizungumzi na kompyuta ya ABS. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimepima, hakuna kosa" huku taa ya ABS inawaka machoni pako, amepima upande usiohusika. Muulize kama kifaa chake kinaingia kwenye ABS.

Toyota nyingi zina njia ya zamani pia: fundi anaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi hiyo, kisha taa ya ABS inahesabu kwa kupepesa. Ikipepesa mara tano, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 51, ndiyo C1251. Mwachie anayejua. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, na ukikosea shimo unaweza kuunguza kitu kikubwa zaidi.

Kisa kimoja kati ya vingi

Mama mmoja anayenunua nyanya vijijini kupeleka mjini aliwashiwa taa ya ABS. Fundi akachomeka mashine, ikatoa C0273. "Mama, pampu imekufa, hapa ni kutafuta nyingine." Mama akauza mbuzi wanne, akaongeza na hela ya kikundi, pampu ya mtumba ikaja kwa basi. Ikafungwa. Siku ya pili taa ikarudi, msimbo uleule.

Fundi mwingine alipoitwa hakugusa pampu. Alichukua mita, akapima, akafuata waya wa athi wa ABS hadi unapofungwa kwenye bodi. Akakuta boliti imeota kutu ya kijani na nyeupe. Gari hilo lilikuwa likibeba mbolea kila mwanzo wa msimu, mifuko mingine imepasuka. Mbolea inavuta unyevu hewani, na unyevu wake unakula shaba na chuma. Alisugua kwa msasa, akapaka grisi, akakaza. Taa ikazimika.

Mbuzi hawakurudi. Duka la spea halikuipokea pampu kwa kuwa ilishafungwa kwenye gari. Ndiyo hasara ninayoizungumzia, na haimkuti mama huyo peke yake.

Utaratibu ninaoupendekeza

Hatua hizi zinaanza na zisizo na gharama, kisha zenye gharama ndogo. Aktueta inakuja mwisho kabisa.

1. Tazama ni taa gani. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, kwa magari mengi ya kawaida breki za mguu bado zinafanya kazi, ila bila msaada wa ABS. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, simama. Angalia kama hendibreki imeshuka yote, na kama mafuta ya breki yako kati ya alama ya chini na ya juu. Pedali ikizama au ikiwa laini kama sponji, gari lisitembee.

2. Pima betri. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Injini ikiwaka, altaneta itoe kati ya 13.5 na 14.5. Mota ya ABS inakula umeme mwingi kwa mkupuo, hivyo betri iliyochoka inaweza kuleta misimbo ya ABS wakati pampu ni nzima. Safisha na kaza vichwa vya betri.

3. Angalia fyuzi. ABS ina fyuzi kubwa kwenye boksi la boneti, mara nyingi kati ya ampea 30 na 50, na nyingine ndogo ndani. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya. Nyingine ikiungua tena, kuna shoti. Itafutwe.

4. Tazama nyaya na soketi. Gari linalolala karibu na ghala lina panya. Gari lililooshwa injini kwa presha lina maji kwenye soketi. Gari linalobeba samaki, chumvi au mbolea lina kutu. Zima gari, chomoa waya hasi wa betri, kisha fungua soketi ya ABS utazame kama kuna ukijani au unyevu.

5. Pima umeme ukiwa na mzigo. Hapa ndipo kazi inapoharibika mara nyingi. Waya uliobaki na uzi mmoja tu utasoma volti 12 kwenye mita, lakini hautaweza kuzungusha mota. Fundi achukue balbu ya taa kubwa ya mbele, aiunganishe kati ya waya wa umeme wa pampu na waya wake wa athi. Ikiwaka kwa nguvu, umeme na athi viko sawa. Ikiwaka kwa kusinzia, tatizo liko kwenye waya. Balbu ikiwa inawaka, apime pia kati ya kichwa hasi cha betri na athi ya ABS. Isizidi volti 0.2.

6. Msimbo ukiwa wa sensa, nenda kwenye tairi. Safisha tope na unga wa chuma, angalia waya unaopita karibu na springi, tikisa tairi usikie kama beringi imelegea. Sensa za zamani zinapimwa kwa omu, na njia nzuri ni kulinganisha ya kushoto na ya kulia. Sensa za kisasa hazipimwi hivyo. Mashine isome kasi ya kila tairi gari likitembea polepole.

7. Andika msimbo, ufute, kisha endesha. Ukirudi papo hapo unapofungua swichi, mara nyingi ni njia ya umeme iliyokatika au yenye shoti. Ukirudi baada ya gari kuanza kutembea, shuku sensa, au mota iliyoshindwa kujijaribu, maana magari mengi yanajaribu pampu yake mwendo mdogo baada ya kuwashwa.

8. Amuru pampu kwa mashine. Mashine nzuri inaweza kuiamuru mota izunguke gari likiwa limesimama. Utaisikia ikivuma. Ikiwa umeme upo, athi ipo, rilei ni nzima, amri imetolewa, na mota iko kimya, sasa ndipo tunaweza kusema aktueta imekufa.

Kazi yote hii, kwa fundi anayejua, ni ya saa chache. Mlipe kwa muda wake. Wenye magari nasi tunachangia tatizo hili: tunakubali kulipia spea tunayoiona kwa macho, lakini tunabisha kulipia kipimo kwa sababu hatukibebi mkononi. Fundi akijua hatalipwa kwa kupima, atabahatisha, na kubahatisha kwake kunalipwa na wewe.

Kuhusu wanaosema "toa balbu, maisha yaendelee"

Wapo watakaoniambia kwamba magari ya zamani hayakuwa na ABS na watu walifika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Dereva mzuri mwenye Probox ambayo ABS yake imezimika anaweza kulifikisha gari gereji salama, akienda taratibu na kuacha nafasi mbele yake. Sikuambii uliache gari porini kwa sababu ya taa ya njano.

Ila kuendesha hadi gereji ni jambo moja, na kuchomoa balbu ili usiione taa kwa miaka miwili ni jambo jingine. Kwanza, katika magari mengi aktueta hiyohiyo ndiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ikizimika kabisa, matairi ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na gari likageuka ubavu. Pili, ukishatoa balbu, siku hitilafu ya pili itakapokuja hutajua. Tatu, fikiria barabara zetu. Anayeshusha mboga kutoka Lushoto kuelekea Mombo, au anayeshuka Kitonga akiwa na matenga hadi juu, na ukungu umetanda, huyo anahitaji kila msaada ambao gari lilitoka nao kiwandani. Na nyuma mara nyingi amepakia watu.

Kwa wenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua, hapa hakuna mjadala. Kwenye magari hayo aktueta na vifaa vyake ndivyo vinavyotengeneza nguvu ya breki yenyewe. Taa nyekundu ikiwaka na mlio ukasikika, usiendelee na safari. Tena mtu asifungue mabomba yake ovyo, kwa kuwa kuna mafuta yanayohifadhiwa kwa presha kubwa hata gari likiwa limezimwa.

Ikithibitika kweli imekufa

Hapo nunua, lakini kwa akili. Namba iliyoandikwa kwenye aktueta ya zamani ilingane na ile unayonunua. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Kubaliana na muuzaji, kwa maandishi, kwamba ikishindwa utairudisha ndani ya siku mnazopatana. Uliza kama kuna fundi wa vifaa vya umeme anayeweza kukarabati kompyuta yake, maana wakati mwingine kilichoharibika ni kompyuta tu na upande wa mafuta ni mzima.

Ikishafungwa, breki zitolewe upepo vizuri. Magari mengi yanahitaji mashine ifungue vali za ndani ili upepo uliojificha utoke. Pedali ikibaki laini, kazi haijaisha. Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Usiongeze maji ya sabuni wala oili ya injini hata kwa dharura, kwa kuwa vinaharibu mfumo mzima. Hata gari lisilo na tatizo, badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hivi. Yanavuta maji kutoka hewani, na maji hayo ndiyo yanayotia kutu vali na pampu kutokea ndani.

Maswali matatu ya kwenda nayo gereji

Fundi akikuambia pampu imekufa, usigombane naye. Muulize kwa heshima:

- Fundi, msimbo ni namba gani? Niandikie kwenye karatasi.
- Umepima umeme na athi kwenye soketi ya pampu ukiwa na mzigo? Nionyeshe.
- Umeiamuru pampu kwa mashine ikakataa? Naomba nisikilize.

Fundi mzuri atayafurahia maswali hayo, maana yanampa nafasi ya kuonyesha ujuzi wake. Akikasirika, umeshapata jibu kabla hujauza mbuzi.

Na kwa vikundi vyetu, VICOBA na AMCOS, nina ombi. Wenye magari kumi mnaobeba mazao barabara moja mnaweza kuchangia mita moja nzuri na mashine moja inayosoma ABS, mkaikabidhi kwa kijana wa kijijini aliyesoma umeme wa magari VETA. Tunanunua pampu ya kunyunyizia dawa kwa ushirika na inatusaidia wote. Hii nayo ni hivyohivyo. Kikundi kikiwa na kipimo chake, hakuna mwanakikundi atakayenunua spea kwa kubahatisha.

Msimu wa kubeba mbolea unakaribia. Kabla hujapakia mfuko wa kwanza, tandika turubai gumu, na ukimaliza osha sakafu ya gari kwa maji safi, kisha ulianike juani milango ikiwa wazi. Kagua boliti za athi mara moja kila msimu. Ni kazi ya nusu saa na kipande cha msasa.

Mwenye swali la gari lake aandike aina ya gari, mwaka, namba ya msimbo, na taa zipi zinawaka. Bila namba ya msimbo nitakuwa nabahatisha, na hilo ndilo nililolikataa tangu mwanzo. Kila la heri barabarani.